Wadau, namleta mzee wangu kuvua stilihedi kwenye korongo la mto Deschutes: tushuke lini, na tushuke vipi?

#1 MwanaUjiji

Wakuu, habari za leo.

Mzee wangu anakuja Portland mwezi wa tisa. Ana miaka 68, na zaidi ya 40 kati ya hiyo ameishi kwa Ziwa Tanganyika: dagaa na migebuka usiku kwa karabai, sangala kwa mshipi wa mkono. Hajawahi kufika mbali zaidi ya Bujumbura na Uvira. Ndugu wananiambia nimtembeze madukani na kwenye maghorofa. Mimi namjua mtu wangu. Nataka kumpeleka mtoni.

Mto wenyewe ni Deschutes, hapa Oregon, na samaki ni stilihedi, yule trauti anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia Bahari ya Pasifiki, kisha akarudi mtoni kwao kuzaa. Mpango ni kuingiza boti ya mpira Mack's Canyon na kushuka na maji hadi Heritage Landing, pale Deschutes inapoingia mto mkubwa wa Columbia. Ni kama kilomita 39. Siku tatu, watu wanne, tunalala ukingoni. Humo katikati huwezi kufika kwa gari na simu haishiki. Korongo tupu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: katikati ya Septemba au wiki ya kwanza ya Oktoba? Na kwa mtu wa umri wake, boti ni sawa au tutafute njia nyingine?

Halafu kuna hili linalonisumbua. Nimesoma kwamba stilihedi akishaingia mtoni anakaribia kuacha kula kabisa. Nilipomsimulia mzee kwa simu akaniuliza swali moja tu: "Sasa kama hali, ndoano anaidakia nini?" Sikuwa na jibu. Nyie mnalo?

#2 Kigogo wa Dom

Siku tatu kwenye mawe, hakuna mtandao, na samaki mwenyewe yuko kwenye mfungo! Mkuu, mpe mzee shikamoo yangu, na umwambie abebe dagaa wake wa Kigoma kabisa.

#3 KasiaMbili

Karibu sana mleta uzi. Kipande hicho nimekishuka mara sita, nikiwa mimi mwenyewe kwenye makasia. Ngoja nikupe ninayoyajua.

Kwanza kuna sheria ambayo naona hujaigusa. Kwenye Deschutes ya chini huruhusiwi kuvua ukiwa ndani ya chombo kinachoelea. Boti ni ya kukusafirisha tu. Ukitaka kutupa ndoano unaegesha, unashuka, unasimama kwa miguu yako. Mtu aliyevua maisha yake yote akiwa ndani ya mtumbwi aambiwe hili mapema, asije akajiona amenyimwa kazi yake. Chambo halisi nacho hakuna, ni ndoano za manyoya na vyambo bandia peke yake, isipokuwa kipande kifupi karibu na maporomoko ya Sherars Falls. Na karabai asahau: stilihedi anavuliwa kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya kuzama.

Sasa mikondo mikali. Ukiondoka Mack's Canyon maji ni mazuri kwa muda mrefu mpaka unajisahau. Anayekuamsha ni Washout. Huo mkondo zamani haukuwepo. Ulizaliwa Julai 1995, mvua ya ghafla iliposukuma mawe kutoka korongo la pembeni yakaingia mtoni. Kisha ndani ya kilomita 10 za mwisho inakuja Gordon Ridge, Colorado, Rattlesnake na Moody, na Moody iko karibu kabisa na mahali pa kutokea. Yaani makali yote unayakuta siku ya tatu, mabega yamechoka. Na alasiri upepo wa Columbia unapanda korongo ukikupiga usoni, unaweza kupiga kasia na boti ikasimama palepale. Yapite asubuhi. Na kama wewe bado unajifunza kasia, usijifunzie na baba yako ndani.

Barabara ya kwenda Mack's Canyon ni ya kokoto, imepita juu ya tuta la reli ya zamani. Kati ya 1909 na 1911 kampuni mbili za reli, ya Harriman na ya Hill, zilishindana kupanda korongo hili, kila moja upande wake wa mto. Ya upande wa pili bado inafanya kazi, mtasikia treni za mizigo usiku. Kokoto hizo zinakula matairi. Kagua tairi la akiba kabla hujatoka nyumbani.

Mwezi: katikati ya Septemba. Samaki wamo na joto kali limeshavunjika. Oktoba pia ni nzuri, ila moto wa kuni hauruhusiwi korongoni hadi katikati ya mwezi huo. Mzee wa Ujiji, usiku wa nyuzi 5, bila moto? Hapana.

#4 MtoGura

Salamu kutoka Nyeri. Huyo stilihedi wenu ni ndugu wa damu na trauti wetu wa huku mlimani. Wazungu walimmwaga kwenye mto Gura mwaka 1905, na Kiganjo hadi leo wanatotolesha vifaranga wake. Mimi nimekua nikibeba fimbo za wageni kwenye mito hii, kwa hivyo nizungumzie mkono wa mzee.

Usimfundishe kutupa mbali. Kila mgeni anataka kutupa katikati ya mto, na samaki wamelala hatua tatu kutoka ukingoni, hasa alfajiri kabla jua halijagusa maji. Mwambie atupe mshipi mfupi, kuelekea chini kwa mshazari, auache mkondo uivute ndoano mpaka inyooke chini yake. Asogee hatua mbili, arudie. Hiyo ndiyo kazi yote. Mtu aliyezoea mshipi wa mkono ana vidole vinavyosikia kuliko vyangu na vyako. Atakuwa mbele ya wengi.

#5 MsomiWaSamaki

Mkuu MtoGura, ushauri wako wa #4 ni dhahabu, nirekebishe tu hapo kwenye historia. Trauti wa Gura wa mwaka 1905 walikuwa trauti wa kahawia kutoka Uskoti. Hiyo ni spishi nyingine. Trauti upinde aliletwa Kenya baadaye, na huyo ndiye ndugu wa stilihedi. Naona "ndugu" ni neno dogo: ni spishi moja, Oncorhynchus mykiss. Kwenye Deschutes kuna wanaobaki mtoni maisha yao yote, wenyeji wanawaita redside, na kuna wanaokwenda baharini. Watoto wa mama mmoja wanaweza kugawana njia hizo mbili. Anayebaki mtoni anakuwa mdogo. Anayekwenda baharini anarudi na kilo mbili, tatu, nne, mwili wa fedha.

Na si kama samoni wa Pasifiki ambaye akizaa anakufa. Stilihedi anaweza kuzaa, akarudi baharini, akaja tena, ingawa wanaofanikiwa ni wachache.

#6 MtoGura

Nimekubali, asante mwalimu. Kumbe Gura na Kiganjo nilikuwa nazifunga kamba moja.

#7 BukavuBoise

Bandugu, mimi niko Boise. Mnamtesa mzee bure. Mleteni Idaho, mto Salmon, pale Riggins. Korongo kubwa kuliko la Deschutes, chambo cha kweli kinaruhusiwa, na kuvua ukiwa ndani ya boti kunaruhusiwa. Ndoano tu isiwe na jino. Mzee atakaa ndani ya boti kama alivyozoea.

Na samaki wetu ana hadithi ya kumsimulia mjukuu. Wa Deschutes anapita mabwawa mawili, Bonneville na The Dalles, amefika. Wa kwetu anapita manane, manne kwenye Columbia na manne kwenye mto Snake, na wengine wanaendelea kupanda hadi karibu na Stanley, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari. Uvira yenyewe haifiki nusu ya hapo.

#8 MwanaUjiji

BukavuBoise, asante kaka, na hilo la boti limenigusa. Tatizo ni kalenda. Riggins naambiwa inanoga kuanzia mwisho wa Oktoba kuendelea hadi majira ya baridi, na mzee ataondoka kabla ya hapo.

KasiaMbili, hilo la kutovua ndani ya boti kweli sikulijua. Nimempigia. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitasimama." Ila sasa naogopa kusimama kwenyewe. Nasikia mawe ya pale yanateleza?

#9 Rehema_Seattle

Yanateleza, kaka yangu. Ni mawe meusi ya volkeno, ya mviringo, yamepakwa utelezi kama sabuni. Mwaka juzi nilianguka pale chini kidogo ya Mack's Canyon, maji hayakufika hata kiunoni. Suruali ya mpira ikaingia maji, nikavutwa kama mita 30 kabla sijashika majani. Mimi nina miaka 37 na naogelea.

Kwa mzee, fanya hivi: viatu vyenye njumu za chuma chini, fimbo ya kutembelea, mkanda umebana juu ya suruali ya mpira ili maji yasijae ndani, na jaketi la kuokolea hata kama anajua kuogelea. Maji yasizidi magoti yake. Kama MtoGura alivyosema #4, samaki wako karibu na ukingo, kwa hiyo hana sababu ya kwenda ndani.

Kama anatumia dawa za presha au sukari, gawa mara mbili, kila fungu kwenye mfuko wake usiopitisha maji, na kila mfuko ubebwe na mtu tofauti. Beba kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, unaweza kukodi. Nyoka wa njuga wapo, na pia kuna mmea unaowasha kama upupu kwenye vichaka vya ukingoni. Asishike jani asilolijua.

Na gari: ukishuka kwa boti itabidi umlipe mtu akuhamishie gari hadi chini. Safari yangu ya kwanza gari halikuwepo tulipofika, mhamishaji alikosea siku, tukakaa masaa saba juani. Tangu moto wa Julai 2018 ulipopita korongo la chini, kivuli ni cha kutafuta. Andikianeni tarehe kwa maandishi.

#10 Kipanga88

Turudi kwenye swali la mzee maana ndilo limenifanya nifungue uzi. Jibu ni hasira. Stilihedi dume au jike akishika mahali pake kwenye mkondo, hataki kitu kingine kipite. Ndoano ya manyoya inapita mbele ya pua, anaipiga kuifukuza. Hana njaa, ana wivu wa nyumba.

#11 MtoGura

Siafiki, Kipanga. Samaki mwenye hasira anagonga na kuondoka. Hawa wanaishika taratibu, wanageuka nayo, na ndoano inakamata pembeni mwa mdomo. Hivyo ndivyo trauti anavyokula. Mimi nasema ni kumbukumbu. Huyu alikaa mtoni mwaka mmoja, miwili, hata mitatu akiwa mdogo, akila wadudu kila siku. Amerudi, amesikia harufu ya maji ya utotoni, kaona kitu kinachofanana na chakula cha utotoni, mdomo umefunguka wenyewe. Mtu mzima akirudi kijijini akapita penye mwembe wa shule, hata kama ameshiba, mkono unakwenda.

#12 MsomiWaSamaki

Wote mna kitu, na wote mna tatizo. Kipanga: wanauma hata katika miezi ambayo kuzaa bado kuko mbali. Hawa wa kiangazi wanaingia Deschutes kuanzia Julai, wanazaa majira ya kuchipua mwaka unaofuata. Septemba wanalinda nini? MtoGura: kama ni kumbukumbu ya wadudu, mbona wanauma kijiko cha chuma kinachong'aa, au kitu cha zambarau chenye urefu wa kidole, ambacho hakifanani na mdudu yeyote wa mto ule?

Na "hali" ni neno kali mno. Wanaishi kwa mafuta waliyokuja nayo, na matumbo yao mara nyingi huwa matupu, lakini wengine hukutwa na wadudu tumboni. Kuna watu wanaoapa kwamba mwezi wa kumi, wakati wale wadudu wakubwa wa rangi ya machungwa wanapotoka mtoni, stilihedi anapanda juu kabisa kuwachukua.

#13 Rehema_Seattle

Mimi naona ni udadisi tu. Samaki hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini atakishika na nini?

#14 Kigogo wa Dom

Dada Rehema, hii nimeipenda. Mwanangu wa miezi tisa hana njaa na kila kitu kinaingia mdomoni.

#15 NinguWaKagera

Naomba niulize jambo zito kidogo. Kwetu Kagera kulikuwa na ningu. Mvua zikianza anatoka Ziwa Victoria, anapanda mito kuzaa. Babu zetu walikuwa wakimsubiri kwenye mito kwa mitego ya kusuka. Zilipokuja nyavu za nailoni watu wakaziba midomo ya mito, ningu akapungua hadi leo watoto wanamjua kwa jina tu. Huyu stilihedi ana hadithi ileile ya kupanda mto. Je, bado yupo wa kutosha? Mleta uzi, usije ukampeleka mzee kuvua ningu wa mwisho.

#16 MwanaUjiji

Swali hili mzee mwenyewe angeliuliza. Mwaka 2024 Tanganyika ilifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumue. Aliumia mfukoni, lakini aliunga mkono. Wenye takwimu za huku?

#17 MsomiWaSamaki

Nitasema ninayoyajua. Samaki wanahesabiwa wakipita ngazi za samaki pale bwawa la Bonneville tangu 1938. Mwaka 2001 stilihedi zaidi ya 600,000 walipita. Mwaka 2021 hawakufika hata 100,000, na Deschutes ilifungwa kwa uvuvi wa stilihedi mwaka huo. Tangu hapo imekuwa ikifunguliwa kwa kutegemea hesabu za Bonneville. Kwa hiyo mleta uzi, usilipe kitu kisichorudishwa kabla ya kusoma tangazo la idara ya samaki la msimu huo. Mto unaweza kufungwa ukiwa umeshapakia gari.

Na samaki wa asili harudi na mtu nyumbani. Anayechukuliwa ni wa kituo cha kutotolesha tu, ambaye alikatwa lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia akiwa mchanga. Pezi likiwepo, muache majini, usimtoe hata kwa picha.

#18 Kipanga88

Sababu ni mabwawa. Sioni cha kujadili.

#19 KasiaMbili

Mabwawa ndiyo, lakini The Dalles ilikamilika 1957, na mwaka 2001 samaki walikuwa tele. Bwawa lilikuwepo. Sisi wapiga kasia tunatazama mnara wa kuchotea maji pale bwawa la Round Butte, juu ya Deschutes. Zamani maji yalitolewa kutoka chini ya ziwa, ya baridi. Tangu mwisho wa 2009 wanachanganya na maji ya juu. Mto umebadilika: majani ya mtoni, wadudu, hata rangi ya mawe. Kuna kikundi cha wapenda mto kilifungua kesi mwaka 2016.

#20 MsomiWaSamaki

Na kikashindwa mahakamani. Mnara uliwekwa ili vifaranga wapate mkondo wa kuwaongoza kutoka ziwani, maana njia ya samaki pale ilikuwa imekufa tangu miaka ya 1960. Na joto lenyewe limesogea: majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi mto ni wa moto kuliko zamani, mwisho wa kiangazi ni wa baridi zaidi. Samaki wa Idaho nao walianguka vilevile mwaka 2021, na wao hawazaliwi chini ya mnara huo. Mimi naangalia bahari. Kati ya 2014 na 2016 kulikuwa na dimbwi kubwa la maji moto Pasifiki, na chakula kilivurugika.

#21 BukavuBoise

2016 hadi 2021 ni miaka mitano, mwalimu. Bahari ilipopoa mbona hawakurudi? Mimi nasema ni joto la Columbia lenyewe. Mabwawa yameugeuza mto kuwa mfululizo wa maziwa, Agosti yanafika nyuzi 20 na kupita. Samaki wetu wa Idaho wanashindwa kupanda, wanajificha Deschutes kwa sababu ni ya baridi, wanakaa wiki na wiki. Na hapo ndipo ninyi mnawavua! Nusu ya samaki mnaojisifia ni wageni wetu waliokimbilia kivuli.

#22 KasiaMbili

Nusu sijui, ila hilo la kujificha ni kweli, ndiyo maana pale mdomoni mwa mto huwa panafungwa kipindi cha joto ili wapumzike. Na mimi siku maji yakifika nyuzi 20 nafunga fimbo, hata kama sheria inaniruhusu. Samaki aliyechoka kwenye maji moto ukimuachia anaogelea mbele yako, anakwenda kufia mbali.

#23 Mwanamaji wa Lamu

Hamjawataja simba wa bahari wanaowasubiri pale chini ya Bonneville.

Ila mimi nimekuja na la upishi. Mkipata aliyekatwa pezi, tafadhali msimkaange kwa siagi tu. Nazi tui la pili kwanza, ndimu, pilipili mbuzi, tui zito mwishoni. Nyama yake ni nyekundu na ina mafuta, itakubali.

#24 NinguWaKagera

Asanteni kwa majibu. Kila mmoja ana mshitakiwa wake, na sijasikia aliyemtaja mvuvi wa kawaida. Kwetu kwa ningu ilikuwa sisi.

#25 Rehema_Seattle

NinguWaKagera, hapo umenifanya ninyamaze.

MwanaUjiji, nina pendekezo. Kabla ya korongo mpitishe mzee Sherars Falls, iko njiani ukitokea Maupin. Watu wa Warm Springs, wenyeji wa asili wa huku, bado wanavua pale kwa nyavu za mpini mrefu, wamesimama kwenye majukwaa ya mbao juu ya maji yanayochemka. Haki hiyo waliibakiza kwenye mkataba wa 1855. Mahali pao pakubwa, Celilo Falls, palizama Machi 1957 bwawa la The Dalles lilipofungwa, na ni karibu sana na mdomo wa Deschutes. Mzee atawaelewa bila mkalimani. Asiwapige picha bila kuomba.

#26 MwanaUjiji

Wakuu, nimeamua. Hatushuki kwa boti mwaka huu. Tunakwenda kwa gari hadi Mack's Canyon, tunapiga hema kwenye kambi, tunatembea kwa miguu kufuata tuta la reli ya zamani, tunarudi kulala. Siku tatu, kuanzia Septemba 16. Mikondo ya #3 nitaishuka mwenyewe siku nikiijua kasia. Leseni, kadi ya kuandikia samaki na idhini ya bonde la Columbia nimekata zote, zangu na za mzee.

#27 KasiaMbili

Umeamua vizuri. Nyongeza moja: asubuhi ya kuondoka ulizia White River. Huo unatoka barafu ya Mlima Hood, unaingia Deschutes juu kidogo ya Sherars Falls. Zikija siku za joto au mvua mlimani unamwaga tope, na kila kitu chini yake kinakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ninyi mtakuwa chini yake.

#28 Kigogo wa Dom

Tunasubiri mrejesho. Na picha ya mzee.

#29 MwanaUjiji

MREJESHO.

KasiaMbili, ungejua. Tulifika tukakuta chai ya maziwa. Siku ya kwanza yote ukitumbukiza mguu hadi gotini huoni kiatu. Nilikasirika, mzee hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe akautazama mto kuanzia saa tisa hadi giza, kisha akaniambia pale, pale na pale, pana samaki. Nikamuuliza amejuaje. Akasema maji yanapumzika.

Siku ya pili yakaanza kusafika. Siku ya tatu alfajiri, giza bado, alisimama maji chini ya magoti, fimbo ya kutembelea mkono wa kushoto, mshipi mfupi kama MtoGura alivyoelekeza. Mahali ni pamojawapo pa zile "pale" alizonionesha. Nilisikia rili kabla sijaona kitu. Samaki aliruka mara mbili, mara ya pili karibu nasi kabisa, mweupe kama sahani, kisha mshipi ukalegea. Mzee hakusema neno. Alikaa chini akaanza kucheka, akacheka hadi machozi. Sijawahi kumwona hivyo tangu mama afariki.

Tulipokuwa tunakunywa chai nikamrudishia swali lake. Akasema: "Yule hakula na hakukasirika. Alikuwa safarini, amelala. Ukimgusa msafiri aliyelala, kitu cha kwanza anashika." Nimeyaandika kama alivyosema.

Sherars tulipita wakati wa kurudi. Kijana mmoja alikuwa akirekebisha wavu wake, mzee akamwamkia kwa Kiswahili, akainama akatazama fundo. Fundo ni lilelile analofunga yeye. Wakaoneshana kwa mikono kama robo saa. Asanteni nyote.

#30 MtoGura

Hongera, na mzee apewe heshima zake. Lakini msafiri aliyelala hashiki taratibu, anashtuka. Bado nasema kumbukumbu. Aliuma vipi, aligonga au aliivuta?

#31 MwanaUjiji

Nimemuuliza sasa hivi, yuko hapa pembeni, ndege yake ni kesho. Anasema fimbo iliinama polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa, ndipo mshipi ukakimbia. Na yeye ana swali lake jipya: samaki yule alikuwa wa mto huu, au alikuwa wa mbali amejipumzisha tu?

#32 BukavuBoise

Shikamoo mzee. Alikuwa wa kwetu.

#33 KasiaMbili

Mzee, alikuwa na pezi la mgongoni au hakuwa nalo?

#34 MwanaUjiji

Anasema aliona jicho tu.